Kibati na namba ya chesisi: mwongozo kamili kwa anayefufua fremu ya pikipiki ya zamani

Fremu ya pikipiki ya zamani inaweza kunyooshwa, kuchomelewa, kupigwa rangi upya, hata kubadilishiwa bomba zima, na bado ikabaki pikipiki ileile. Kitu kimoja kikishaharibika hakirudi: namba iliyogongwa shingoni mwa fremu, yaani namba ya chesisi, pamoja na kibati kilichopigiliwa karibu yake. Kwa bahati mbaya ndicho kitu cha kwanza kupatwa na grinda, kwa sababu kipo mbele, kimejaa kutu, na kijana wa gereji anaona kinamzuia kusugua vizuri. Mwongozo huu unafuata kazi kwa mpangilio, kuanzia siku fremu inapoingia gereji hadi kibati kinaporudi mahali pake.

Hapa Tabora pikipiki za zamani hazijaisha. Ziko nyuma ya nyumba za mabwana shamba wastaafu kule Urambo, Kaliua na Sikonge, kwenye stoo za misheni, na chini ya miembe mitaa ya Isevya na Ng'ambo. Nyingi ni Honda CG na XL, Yamaha DT, Suzuki A100, Vespa, na mara mojamoja BSA au Triumph ya Uingereza ambayo hakuna anayekumbuka ilifikaje. Ukame wetu wa miezi mingi umezitunza kuliko zile zilizokaa Kigoma. Fremu iliyolala Ujiji au Kibirizi, jirani na ziwa, tarajia kutu zaidi chini ya kibati hata kama juu kinaonekana kizima.

Ujue kwanza unashika nini

Kibati ninachozungumzia hapa si pleti namba ya usajili inayofungwa nyuma. Ni kile kipande kidogo cha alumini, au cha shaba ya manjano kwenye baadhi ya pikipiki kongwe, kilichopigiliwa na kiwanda. Huwa kina jina la mtengenezaji, modeli, na mara nyingi namba ya fremu. Mbali na kibati kuna namba yenyewe iliyogongwa kwenye chuma cha fremu kwa panchi, kile chuma kigumu kinachogongwa kwa nyundo kuacha alama. Kuna pia namba ya injini kwenye kesi ya injini. Hivi ni vitu vitatu, na kila kimoja kina utaratibu wake.

Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapopita, mara nyingi upande wa kulia ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Kwenye Triumph na BSA za miaka ya mwisho ya 1960 na ya 1970 angalia upande wa kushoto, shingoni au chini yake mbele ya injini. Vespa haina shingo ya wazi namna hiyo, kwa hiyo fungua kifuniko cha upande wa injini utafute kwenye mwili wa bati. BMW za zamani zina kibati kilichopigiliwa shingoni na namba iliyogongwa kwenye fremu yenyewe. Ukiona kibati tu, usiridhike. Endelea kutafuta namba ya chuma, kwa sababu mara nyingi imejificha chini ya tabaka tatu au nne za rangi.

Kuna jambo linalozua ugomvi wa bure pale mtu anaponunua. Kwenye Honda, namba ya injini na namba ya fremu hazifanani, wala hazikukusudiwa kufanana. Utakuta fremu imeandikwa CG125 kisha mkururo wa tarakimu, na injini imeandikwa CG125E kisha mkururo mwingine. Ile E ni ya injini. Mtu akikwambia pikipiki hiyo ni ya wizi kwa sababu namba haziendani, mwelekeze. Yamaha nyingi za miaka ya 1970, kinyume chake, zilitoka kiwandani namba ya fremu na ya injini zikiwa sawasawa. Kwa hiyo DT yenye namba mbili tofauti huenda imewahi kubadilishwa injini, na hapo lazima uulize karatasi za injini hiyo.

Usishangae namba ikiwa fupi. Utaratibu wa herufi na tarakimu 17 ulianza kulazimishwa Marekani kwa modeli za mwaka 1981, na pikipiki za kabla ya hapo zina namba za urefu wowote kiwanda kilivyopenda. Kwenye namba za 17 herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona O katikati ya namba ndefu ya namna hiyo, umesoma vibaya au kuna mtu kaichezea.

Triumph na BSA za kuanzia msimu wa 1969 zina herufi mbili mwanzoni mwa namba. Ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka wa modeli. Namba inayoanza na ED, kwa mfano, ni ya Mei 1970. Tena kwenye Triumph za kipindi hicho, ile sehemu ya injini inayobeba namba ilichapwa nembo ndogondogo za kiwanda, na namba ikagongwa juu yake. Anayesaga namba pale anasaga na nembo, na jicho linaona. Hiyo ndiyo sababu sehemu hiyo haiguswi kwa msasa hata kidogo, maana ukiing'arisha umeipa pikipiki halali sura ya wizi.

Makaratasi kabla ya spana

Hatua hii wengi wanairuka, nami naiweka mbele ya zote. Kabla hujafungua bolti hata moja, weka kadi ya usajili ya pikipiki pembeni mwa shingo na usome namba tarakimu kwa tarakimu, mmoja akisoma chuma na mwingine akifuatisha kadi. Kadi za zamani zilipigwa kwa taipureta au kuandikwa kwa mkono, na makosa ya 3 kuwa 8, 1 kuwa 7, au 0 kuwa herufi O ni ya kawaida. Kosa kama hilo likigunduliwa fremu ikiwa bado na rangi yake ya zamani, mkaguzi akija anaona chuma, kutu na kibati vikikubaliana, na kurekebisha kadi kunawezekana. Likigunduliwa baada ya rangi mpya kung'aa, kila mtu anauliza kwa nini fremu imepakwa kabla ya kukaguliwa.

Nakumbuka mama mmoja wa Isevya aliyeleta CG ya marehemu mumewe. Kadi ilisema 8, shingo ilisema 3. "Mwanangu, mimi nilidhani ni kupaka rangi tu," alisema. Nikamwambia, "Mama, rangi itasubiri, hii 3 haiwezi kusubiri." Fremu ilikaa ukutani bila kuguswa hadi kadi iliporekebishwa. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa marehemu, palihitajika pia karatasi za mirathi, na hizo zinachukua muda kuliko rangi yoyote.

Kama unanunua, dai kadi halisi, hati ya mauziano iliyoshuhudiwa, na ikiwezekana barua ya serikali ya mtaa au kijiji ilikolala pikipiki. Usajili na uhamisho wa umiliki ni kazi ya TRA, mamlaka ya mapato, na ukaguzi wa namba ni wa polisi wa usalama barabarani. Waone mapema, uwaeleze unafufua pikipiki ya zamani. Ukibadilisha injini, taarifa hiyo nayo inatakiwa kuingia kwenye usajili. Kadi nyingi za zamani zina namba za usajili za mtindo wa zamani, zinazoanza na TZ, na pikipiki iliyolala miaka mingi huenda ikahitaji kuingizwa upya kwenye mfumo wa sasa. Hilo haliwezekani bila namba ya chesisi inayosomeka.

Halafu piga picha. Pikipiki nzima kwa mbali, shingo yote, kibati kwa karibu, namba kwa karibu zaidi, kila ribiti, na picha moja ambamo kadi na namba vinaonekana pamoja. Piga asubuhi au jioni jua likiwa la ubavuni. Jua la saa sita linafuta vivuli vya tarakimu na picha inatoka kama bati tupu.

Kusoma namba bila kuikwangua

Namba ikifichwa na rangi au matope, anza na maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa meno. Grisi kavu inalainika kwa mafuta ya taa. Acha kitambaa kilicholowa juu yake kama dakika kumi kabla ya kusugua. Rangi iondoe kwa dawa ya kutolea rangi, ukipaka kidogo kwa brashi ndogo juu ya namba tu, kisha ukwangue kwa kijiti cha mbao au mwanzi uliochongwa. Bisibisi na kisu viache mfukoni. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi unaokatiza 1 unaweza kuifanya isomeke 7 maisha yake yote.

Chuma kikishaonekana, zima taa, washa tochi na uilaze ubavuni karibu kabisa na chuma. Tarakimu zitajitokeza kwa vivuli. Kama bado hazisomeki, sugua chaki juu kisha ufute kwa kiganja. Unga utabaki ndani ya mashimo ya tarakimu. Mwisho chukua nakala kwa penseli: karatasi nyembamba juu ya namba, kisha sugua kwa ubavu wa penseli laini hadi namba ijichore. Nakala hiyo iandike tarehe, uiweke pamoja na picha. Inaonyesha umbo la kila tarakimu na nafasi kati yake, jambo ambalo kuandika namba kwa kalamu hakuonyeshi.

Kibati kitoke au kibaki?

Mafundi wengi wanatoa kibati bila kufikiri. Mimi nasema kibaki kama inawezekana. Ribiti za kiwanda zenye vichwa vyake vya asili ni ushahidi kwamba kibati hakijawahi kuhama, na ukishazitoa ushahidi huo umebaki kwenye picha zako tu. Kama rangi chini yake haijavimba, kibati hakichezi, na fremu haihitaji kupigwa mchanga, yaani kurushiwa mchanga kwa kompresa, mpaka chuma kitupu, kifunike vizuri na ufanye kazi kukizunguka.

Toa kibati pale tu kutu inapotambaa chini yake, ribiti zimeliwa, au fremu inakwenda kwenye mchanga au kwenye tanuri la rangi ya unga. Na kabla hujakitoa, hakikisha namba iliyogongwa kwenye chuma inasomeka na inalingana na kadi. Kama fremu haina namba nyingine zaidi ya ile ya kibati, usikitoe kabisa kabla mkaguzi hajaiona, kwa sababu siku kibati kinapotoka fremu inakuwa bomba lisilo na jina.

Angalia ribiti ni za aina gani. Kuna aina mbili utakazokutana nazo sana. Ya kwanza ina kichwa cha mviringo kilichojaa, haina tundu katikati. Mara nyingi hiyo ni skrubu ya kupigilia, yenye mwili wa msokoto, ambayo kiwanda kiliigonga kwa nyundo kwenye tundu lililo dogo kuliko yenyewe. Ya pili ina tundu dogo katikati ya kichwa. Hiyo ni ribiti ya kuvuta, na mara nyingi inaonyesha kuwa kibati kimewahi kutolewa, kwa sababu ndiyo inayouzwa madukani. Si wizi lazima, lakini uliza.

Skrubu ya kupigilia itoke kwa kuzungushwa. Paka mafuta ya kupenya na uache usiku kucha. Kisha kwa kisu cha msumeno wa chuma au tupa nyembamba, chora mfereji mdogo katikati ya kichwa, uweke bisibisi inayojaa mfereji huo na uzungushe taratibu kinyume cha saa. Kama kichwa kimeinuka vya kutosha, vaisgripu ndogo, ile plaisi inayojifunga yenyewe, inakishika vizuri zaidi, ila weka kipande cha bati jembamba juu ya kibati ili meno yasiguse maandishi. Ikigoma, ndipo unachukua drili: weka alama katikati kabisa ya kichwa kwa panchi, anza na biti ya milimita 1.5, na uongeze hadi kichwa kinapokatika. Mwili uliobaki ndani unauzungusha kwa plaisi baada ya kibati kutoka. Usitoboe kupita kiasi, kwa sababu tundu likipanuka skrubu mpya haitashika.

Ribiti ya kuvuta ni rahisi. Biti inaingia kwenye tundu lake lenyewe, kichwa kinakatika, na mkia unasukumwa ndani ya bomba. Mkia huo utoe baadaye, usije ukacheza ndani ya fremu kila unapopita kwenye matuta.

Usikiingizie kibati bisibisi chini ukakibenua. Vingi vina unene wa nusu milimita tu au pungufu, na alumini ya miaka 40 au 50 iliyokunjika haikubali kunyooka bila kuacha alama, tena ikirudiwa kukunjwa hupasuka kwenye matundu. Kama kimegandana na rangi, tumia uzi wa kuvulia samaki: upitishe nyuma ya kona moja na uuvute kama msumeno hadi upande wa pili. Kikitoka, kitie kwenye bahasha ngumu pamoja na ribiti zake zote, hata zilizovunjika, uandike namba ya kadi juu yake. Bahasha hiyo isikae gereji. Ikae nyumbani.

Kukisafisha

Kibati cha alumini kinasafishwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini, basi. Rangi iliyorukia juu ilainishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uitoe kwa ukucha au kijiti. Thina ijaribu kwanza kwenye kona isiyo na maandishi, kwa sababu maandishi mengi ya rangi nyeusi au nyekundu yalichapwa juu ya alumini, na thina kali inayafuta kwa mfuto mmoja. Siki na ndimu nazo usizitumie. Msasa, hata ule laini kabisa, unaondoa ngozi ngumu ya alumini iliyowekwa kiwandani, na kibati kinakuwa cheupe na laini, kinachokwaruzika kirahisi.

Kostiki inayotumiwa kutengeneza sabuni inastahili onyo lake. Baadhi ya mafundi huloweka fremu kwenye pipa la kostiki kutoa rangi, na kwa chuma inafanya kazi kweli. Alumini inaila. Kibati kikiachwa kwenye pipa hilo kitachemka mapovu ya gesi inayowaka moto, na ukirudi utakuta bati jembamba lisilo na herufi. Hakikisha pia hakuna kibati cha muuzaji kilichosahaulika kwenye fremu, vile vidogo vya maduka ya zamani. Navyo ni historia, vitunze vilevile.

Kibati kilichopinda usikigonge kwa nyundo. Kilaze juu ya ubao laini, weka kipande cha ngozi juu, na ubonyeze kwa kidole gumba au kijiko cha mbao kidogokidogo. Mkunjo mdogo uliobaki uache. Stika za kiwanda, zile za upepo wa tairi na maonyo, kama bado zimeshika ziache pia, maana zikibanduka hazirudi.

Mchanga na rangi

Hapa ndipo namba nyingi zinapokufa. Tarakimu iliyogongwa ina kina kidogo sana, sehemu tu ya milimita, na kutu imeshachukua sehemu yake. Mchanga wa mto unaorushwa na kompresa unakula kingo za tarakimu kwa sekunde chache. Kwa hiyo sehemu ya namba haipigwi mchanga. Isafishe kwa mkono kwa dawa ya rangi, na kutu iliyobaki iondoe kwa siki: loweka kitambaa, kibandike juu ya namba kwa saa moja au mbili, sugua kwa brashi ya waya wa shaba, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha palepale na upake mafuta mepesi. Brashi ya waya wa chuma inayofungwa kwenye grinda haina nafasi hapa.

Kisha ifunike. Tepu ya karatasi inayeyuka mbele ya mchanga. Kinachofaa kila gereji inacho: tyubu ya zamani. Kata kipande kinachozidi namba kwa sentimita tatu kila upande, funga mizunguko miwili ya mpira kuzunguka shingo, ukaze kwa waya wa kufungia na ufunike kingo kwa tepu ya kitambaa. Mchanga ukigonga mpira unadunda badala ya kukata. Kaa hapo mwenyewe kazi inapofanyika, na umwonyeshe kijana anayeshika bomba mahali asipolenga. Avae barakoa nzuri na asimame upande upepo unakotoka, kwa sababu vumbi la mchanga mkavu linaharibu mapafu bila dawa, na gereji nyingi za mji wetu zinaifanya kazi hii uwanjani.

Kama shingo imepasuka na inahitaji kuchomelewa, mchomeleaji asikaribie namba. Ufa ukipita katikati ya namba, simamisha kazi, piga picha, na umwite mkaguzi kwanza.

Rangi ya kawaida ya kupuliza haina shida ukiwa na adabu: praima moja nyembamba juu ya namba, rangi moja au mbili nyembamba, kisha laka nyembamba. Puti, ile ya kujazia mashimo kabla ya rangi, isifike hapo kabisa, hata kama mteja anataka shingo laini kama kioo. Baada ya kila tabaka, laza tochi tena usome. Ukiona tarakimu zinaanza kuwa na kingo za mviringo, imetosha.

Rangi ya unga ni nene zaidi na inajaza mashimo. Inaivishwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 180 hadi 200, joto ambalo stika na kibati chenye maandishi ya kuchapwa havivumilii. Ukiichagua, ziba sehemu ya namba kwa tepu inayostahimili joto ili ibaki wazi, kisha uipake kwa brashi ndogo rangi ya kawaida inayofanana. Kwa pikipiki ya zamani mimi nachagua rangi ya kupuliza, kwa sababu ikihitajika mkaguzi aione namba upya, inatoka kwa kitambaa na thina.

Kukirudisha

Acha rangi ikauke kabisa, wiki moja au zaidi kwenye kiangazi chetu. Ukikirudisha mapema, kibati kinazama kwenye rangi laini na kinagandana nayo. Safisha matundu kwa biti unayoizungusha kwa vidole ili kutoa rangi iliyoingia, kisha dondoshea tone la praima ndani yake, kwa sababu kutu huanzia hapo.

Pima tundu kwa kalipa kabla ya kununua skrubu. Skrubu ya kupigilia ya namba 2, yenye mwili wa kama milimita 2.5, inataka tundu la kama milimita 2.2, namba 4, ya kama milimita 2.9, inataka tundu la milimita 2.6. Tundu likiwa limepanuka, panda saizi moja, na kama hiyo nayo haipo, tumia ribiti ya alumini yenye kichwa kidogo. Skrubu za kawaida za bisibisi usitumie. Kibati kinachoweza kufunguliwa na yeyote kando ya barabara kinamtia shaka kila askari anayekiona, na ana haki.

Kikunje kwanza kifuate mviringo wa shingo, ukikibonyeza taratibu kwa kiganja juu ya bomba lenye wembamba kidogo kuliko shingo, lililofunikwa kitambaa. Nyuma yake paka nta. Hapa Tabora nta ya nyuki tunayo ya kutosha, hatuna haja ya kuagiza dawa ya kopo: iyeyushe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, iondoe motoni, uongeze tapentaini kidogo hadi iwe laini kama siagi, na upake tabaka jembamba kwa kidole. Inazuia maji kukaa kati ya alumini na chuma, na maji hayo ndiyo yanayoifanya alumini iote unga mweupe. Futa inayotokea pembeni, kwa sababu jua la Oktoba linailainisha na vumbi linaganda.

Shingo iegemeze kwenye mfuko wa mchanga ili isidunde. Shikilia kibati kwa tepu, anza na skrubu ya kona moja, gonga kwa nyundo ndogo ukitumia panchi yenye kishimo kwenye ncha ili kichwa kisisagike, kisha nenda kona ya mkabala. Simamisha mara kichwa kinapogusa kibati. Pigo moja la ziada linaacha duara lililobonyea.

Kibati kikikosekana au namba ikiwa imeliwa

Kibati kilichopotea huku namba ya chuma ikisomeka na kadi ikilingana si msiba. Ripoti upotevu polisi, upewe ripoti ya kupotelewa, uiambatanishe na kadi. Vibati vipya visivyo na namba vinauzwa nje kwa modeli nyingi za zamani, na kukiweka kwa ajili ya sura ni jambo la kuzungumza na mkaguzi kwanza. Kugonga namba juu yake mwenyewe, au kuhamisha kibati cha fremu nyingine kuja kwenye hii, usifanye kwa bei yoyote. Hiyo ni kughushi, hata kama pikipiki ni yako halali tangu siku ya kwanza.

Namba ya chuma ikiwa imeliwa na kutu hadi haisomeki, usiirudishie kwa panchi ili "kuikazia". Panchi inapogonga inakandamiza chuma hata chini ya tarakimu, na wataalamu wa uchunguzi wanaweza kuiibua namba iliyofutika kwa dawa zao kwa sababu ya alama hiyo ya ndani. Ukigonga juu yake umeizika kabisa. Iache ilivyo, ipake mafuta, upeleke fremu pamoja na kadi na picha kwa polisi wa usalama barabarani na TRA, wao ndio wenye mamlaka ya kusema namba gani igongwe na nani aigonge.

Na ukikuta shingo ina mistari ya grinda, chuma kilichozama mahali namba inapotakiwa kuwa, puti chini ya rangi, au tarakimu zisizokaa kwenye mstari mmoja huku nyingine zikiwa na ukubwa tofauti, usinunue fremu hiyo hata ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Zipo pia fremu za akiba ambazo viwanda vya Uingereza vilizitoa bila namba yoyote. Hizo shingo yake ni laini na safi, haina alama ya kusagwa, na muuzaji mkweli atakuwa na karatasi ya ilikotoka. Asipokuwa nayo, mwache na fremu yake.